Bushi za bodi: historia ya mpira unaokaa kati ya bodi na chesisi

Waliozoea kuja hapa kusoma habari za programu na hifadhidata, leo naomba mnivumilie. Nataka tuzungumze kuhusu kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, chenye tundu katikati, ambacho kwa lugha ya gereji kinaitwa bushi. Sizungumzii bushi za miguu ya gari, zile ambazo kila dereva wa Nairobi anazifahamu kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Nazungumzia zile zinazokaa kati ya bodi na chesisi kwenye magari ya zamani, pikapu na jeep za kazi. Kuna watu wamemiliki gari la aina hiyo miaka ishirini bila kujua kwamba zipo.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya ushauri mmoja unaosikika sana katika gereji za jua kali: bushi zikiisha, chomelea bodi kwenye chesisi, kelele iishe. Ushauri huu ni rahisi na unaonekana una akili. Chuma kikishikana na chuma, ni nini tena kitakacholegea? Lakini ukifuata historia ya kipande hiki utaona kwamba swali la namna ya kuunganisha bodi na fremu limewasumbua wahandisi tangu enzi za farasi, na jibu lao halikuwa kuzichomelea.

Mambo yalianza kwa farasi

Kwanza tujiulize kwa nini gari likawa na vipande viwili. Jibu liko kwenye magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya. Magurudumu na ekseli zilikuwa kazi ya fundi mmoja, na kibanda cha abiria kazi ya fundi mwingine. Katika karne ya 17 kibanda kilining'inizwa kwa mikanda ya ngozi ili abiria asipigwe na kila jiwe. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za chuma zenye umbo la yai, na usafiri ukawa na nafuu kubwa.

Injini ilipochukua nafasi ya farasi, desturi haikubadilika. Kampuni ilitengeneza chesisi: fremu, injini, gia na magurudumu. Mnunuzi akaipeleka kwa mjenzi wa bodi, akachagua anachotaka. Rolls-Royce iliuza chesisi tupu kwa namna hii mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hata Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kutoka kiwandani ikiwa kamili, ilikuwa na vipande vya mbao katikati ya bodi na fremu. Hicho ndicho babu wa bushi tunayoizungumzia.

Kwa nini kuweke kitu hapo katikati? Kwa sababu fremu ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyoungwa kwa vyuma vya kukingama, hupindika. Gurudumu moja likiingia mtaroni na jingine likipanda jiwe, fremu hujisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, ila kwa kiasi kidogo. Bodi nayo haitaki kusokotwa, maana ina milango, vioo na dari. Ukizifunga pamoja bila chochote katikati, fremu inailazimisha bodi ifuate. Bodi za zamani zilikuwa na mifupa ya mbao, kwa hiyo viungo vililegea, vikalia kwa kila hatua, na mwishowe vikavunjika.

Aliyelitatua tatizo hili kwa namna ya kushangaza ni Charles Weymann, rubani aliyezaliwa Haiti na kufanya kazi Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alibuni bodi ambayo mbao zake hazigusani hata kidogo. Kila kiungo kilishikwa kwa vibati vya chuma vilivyoacha nafasi katikati, kisha juu kukavutwa kitambaa kama cha ndege. Bodi ilijipinda pamoja na fremu bila kulia, na wenye Bentley wa miaka ile waliipenda. Kwangu hilo ndilo somo la kwanza: Weymann hakushindana na msokoto, aliupa nafasi.

Mpira unaingia, na damu yake

Mbao, ngozi na kitambaa vilikuwa na kasoro moja. Vikishagandamizwa havirudi vilivyokuwa. Mpira hurudi, lakini mpira mbichi kutoka mtini huyeyuka kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hubadilika kabisa. Alipata hataza yake Marekani mwaka 1844. Thomas Hancock alikuwa ameshapata ya Uingereza mwaka mmoja kabla. Tunachojua leo ni kwamba salfa hujenga madaraja kati ya nyuzi ndefu za molekuli za mpira. Nyuzi zinaweza kuvutika, lakini madaraja yanazirudisha mahali pake.

Hapa historia inatufikia karibu, na si kwa furaha. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo mjini Belfast, na kiu ya mpira ikawaka dunia nzima. Mashamba makubwa ya Asia yalikuwa bado hayajakomaa. Mpira ulitafutwa porini, na sehemu yake ilitoka Kongo iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908. Wanakijiji walipewa kiwango cha utomvu wa kuleta. Waliopungukiwa waliona wake zao wakishikwa mateka, vijiji vikichomwa, na mikono ya watu ikikatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka hayo kwenye maandishi rasmi ya Uingereza.

Mpira huo ulitoka kwenye mimea itambaayo ya jamii ya Landolphia, ambayo ilivunwa pia katika pwani yetu na kuuzwa kupitia Zanzibar. Mbungo, ambao matunda yake hutupatia juisi ya mabungo, ni wa ukoo huo huo. Nimeona ni haki kulitaja jambo hili, kwa sababu ni rahisi kushika kipande cheusi mkononi na kudhani kimezaliwa kiwandani.

Baadaye mti wa Brazili, ambao mbegu zake Henry Wickham alizipeleka London mwaka 1876, ulistawi Malaya na Ceylon. Bei ikashuka, na mpira ukawa kitu cha kawaida hata kwa gari la bei ya chini.

Chuma, kelele na mwaka 1931

Dodge ya kwanza ilitoka mwaka 1914 ikiwa na bodi ya chuma kitupu iliyotengenezwa na kampuni ya Edward Budd huko Philadelphia. Chuma hakikulia kama mbao, lakini kilileta balaa jipya. Bati pana likitikiswa huwa ngoma. Kila mlipuko wa injini na kila kokoto barabarani viliingia kwenye fremu, vikapanda kwenye bodi, vikamfikia abiria sikioni.

Mwaka 1931 Chrysler iliingiza kwenye Plymouth mfumo ulioitwa Floating Power. Injini haikufungwa tena moja kwa moja kwenye fremu. Ilikalishwa juu ya maunti za mpira, zikapangwa ili injini izunguke kwenye mhimili wake wa asili inapotikisika. Gari la silinda nne likatulia kuliko wateja walivyozoea. Citroën ilichukua leseni, na kuanzia 1932 magari yake yenye mfumo huo yalibeba nembo ya ndege bata maji akielea. Mpira ulikuwa umethibitisha kwamba unaweza kubeba mzigo mzito na wakati huo huo kuzuia mtikisiko. Kutoka kwenye injini mpaka kwenye bodi ilikuwa hatua fupi.

Wapenda hesabu, hii ni yenu. Kila mzigo uliokaa juu ya kitu chenye mnepo una kasi yake ya asili ya kutikisika. Inategemea ugumu wa mnepo na uzito wa mzigo. Mtikisiko unaokuja ukizidi kasi hiyo mara 1.41, yaani kipeuo cha pili cha 2, mpira unaanza kuuzuia, na unavyozidi ndivyo kinavyopenya kidogo zaidi. Chukua injini ya silinda sita ikizunguka mara 2,400 kwa dakika. Kila mzunguko una milipuko mitatu, kwa hiyo ni milipuko 7,200 kwa dakika, au 120 kwa sekunde. Bodi ikikaa juu ya mpira uliochaguliwa vizuri, sehemu kubwa ya milipuko hiyo inaishia kwenye mpira na kugeuka joto dogo. Ukichomelea, umeondoa kizuizi, na yote 120 inaingia ndani.

Njia mbili zinaachana

Msomaji makini atauliza: mbona magari mengi ya leo yamechomelewa yote kuwa kitu kimoja? Swali zuri. Vincenzo Lancia alionyesha Lambda mwaka 1922, gari lisilo na chesisi ya peke yake. Citroën Traction Avant ikafuata mwaka 1934, ikitumia maarifa ya Budd, na kule Marekani Nash 600 ya mwaka wa modeli 1941. Hapa bodi yenyewe ndiyo fremu. Na msidhani ni dhaifu. Peugeot 404 ilijengwa hivyo, na ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Siri ni kwamba magari hayo yalichorwa kama sanduku moja tangu mwanzo. Nguvu inasambaa sakafuni, kwenye nguzo, darini na kwenye kuta zote. Sanduku lililofungwa halisokotwi kirahisi. Lakini ukichukua bodi iliyobuniwa kukaa juu ya mpira na kuichomelea kwenye fremu ya ngazi kwenye vituo vichache, hujapata sanduku. Umepata vitu viwili vinavyogombana, na ugomvi wote umekusanyika kwenye zile weldi chache. Bati litachanika pembeni ya weldi, si leo, bali baada ya maelfu ya misokoto.

Wakati huo wafuasi wa fremu waliendelea kuboresha mpira wao. Mwaka 1965 Ford ilileta magari makubwa mapya yenye fremu mpya na bodi iliyokaa juu ya mpira, ikajitangaza kwamba vipimo vimeonyesha ni matulivu kuliko Rolls-Royce. Ulikuwa ni utangazaji wa biashara, ndiyo, lakini jambo walilokuwa wakijivunia ni ukimya, na mpira ulikuwa na sehemu yake.

Japani nayo ilikuwa na njia yake. Toyota ilianza na gari aina ya BJ mwaka 1951, ikalipa jina Land Cruiser mwaka 1954, na kuanzia 1960 hadi 1984 ikatengeneza FJ40, ile tunayoiona bado kwenye mashamba ya Laikipia na Nyandarua. Fremu ya ngazi, bodi ya bati, bolti, na bushi za mpira katikati.

Kazi yenyewe

Mjomba wangu ana FJ40 ya mwaka 1978 inayobeba maziwa kila asubuhi. Mlango wa dereva ulikuwa umeanza kukwama, na nyuma kulikuwa na mgongano wa chuma kila alipovuka kalvati. Alishauriwa achomelee. "Mpwa wangu," aliniuliza, "hii ikichanika nitabeba maziwa na nini?" Tulikubaliana kubadilisha bushi, mimi nikiwa mshika tochi na fundi wake akiwa mwenye kazi. Bushi tulizipata Kirinyaga Road.

Ubunifu wake ni wa kupendeza ukiuelewa. Kwenye vituo vingi bushi ni mbili. Ya juu inabeba uzito wa bodi. Ya chini iko upande wa pili wa fremu na inazuia bodi kuruka gari likidunda. Bolti inapita katikati, ndani ya bomba fupi la chuma. Bomba hilo ndilo la muhimu. Ukikaza nati, inafika mahali washa inagota kwenye bomba na mpira haugandamizwi tena. Kwa hiyo aliyebuni aliamua mapema mpira ubonyezwe kiasi gani, ili fundi mwenye misuli asiue kazi yote. Wenzangu wa programu wanajua thamani ya kiolesura kinachokataa kutumiwa vibaya.

Utaratibu ulikuwa hivi. Siku tatu kabla, bolti zote zilinyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu, kwa sababu bolti iliyokatikia ndani ni kazi ya siku nzima. Betri ikatolewa waya. Kisha ukaguzi wa kila kitu kinachounganisha bodi na chesisi na ambacho hakitaki kuvutwa: mabomba ya breki, waya, bomba la kujazia petroli, stelingi, gia, na nafasi kati ya feni na rejeta. Tulipima kwa rula nafasi za milango na kuziandika. Penye vibati vyembamba vya kusawazisha, fundi alivitia alama ili virudi pale pale, maana hivyo ndivyo vinavyoipanga milango.

Bolti za upande mmoja zilifunguliwa zote. Za upande wa pili zililegezwa tu, zikaachwa mahali pake kama bawaba. Jeki ikawekwa chini ya bodi na ubao mpana juu yake ili bati lisibonyee, bodi ikainuliwa kidogo kidogo, kiasi cha kutoa bushi ya zamani tu. Hakuna aliyeingiza vidole kabla ya vipande vya mbao kuwekwa kama kinga. Vikalio vikasuguliwa kutu na kupakwa rangi. Bushi mpya zikaingia kavu, kwa sababu grisi ya petroli huvimbisha mpira wa asili. Upande mmoja ukaisha, tukahamia wa pili, na bolti zote zikakazwa mwishoni gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Bushi zilizotoka zilikuwa zinasimulia. Za mbele zilikuwa zimepasuka nyufa nyembamba, kazi ya ozoni ya hewani. Moja iliyo karibu na injini ilikuwa laini kama ugali uliolala, imekunywa mafuta. Za nyuma zilikuwa zimebaki nusu ya unene wake, na ndiyo maana bodi ilikuwa imelala na mlango ukakwama. Mlango haukuwa na kosa lolote.

Mpira au poliurethani?

Dukani utaambiwa kuna bushi za rangi nyekundu au nyeusi zinazong'aa ambazo haziishi. Hizo ni poliurethani, kizazi cha kemia aliyoianzisha Otto Bayer huko Ujerumani mwaka 1937. Si uongo kwamba zinavumilia mafuta na ozoni kuliko mpira wa asili. Lakini kwa kawaida ni ngumu zaidi, na sasa unajua ugumu unafanya nini kwenye ile hesabu ya 1.41. Mtikisiko mwingi zaidi utapenya. Kwa gari la mashindano ni biashara nzuri. Kwa gari la maziwa, lenye bati la miaka zaidi ya arobaini na mgongo wa dereva wenye umri mkubwa kuliko huo, tulichagua mpira.

Na hapa ndipo ninapotaka kufikia. Kuisha kwa bushi si hitilafu. Ni kazi yake. Katika muungano wa bodi na chesisi, mtu alilazimika kuamua ni nini kitakachochakaa, akachagua kitu cha bei ya chini kabisa, kinachofikiwa kwa spana. Ukichomelea, uchakavu hauondoki. Unauhamisha kutoka kwenye kipande cha mpira hadi kwenye bodi na chesisi, vitu ambavyo huvipati kaunta.

Kanuni hii haijawa ya makumbusho. Isuzu inayounganishwa Nairobi bado hutoka kiwandani kama chesisi, na wajenzi wetu wa bodi huijenga juu yake matatu ya kuelekea Thika au Machakos, kama mafundi wa magari ya farasi walivyogawana kazi. Toyota nayo ilitangaza mwaka 2021 kwamba itaanza kutengeneza upya spea za Land Cruiser za familia ya 40. Gari lililogawanywa vizuri linaweza kutengenezwa na mtu ambaye hakuwa amezaliwa lilipotoka kiwandani.

Kwa hiyo, kama una pikapu au jeep ya fremu, itazame wikendi hii. Je, nafasi ya juu ya mlango inalingana na ya chini? Kuna mgongano ukivuka tuta polepole? Ukimulika chini kwa tochi, mpira umevimba, umepasuka, au umebaki mwembamba kama sarafu? Jibu likiwa ndiyo, mwambie fundi azime mashine ya weldi kwanza.

Maswali na masahihisho yanakaribishwa, hasa kutoka kwa mafundi. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.